Homa inayokwenda na kurudi: Kwa nini dawa za brusela humezwa wiki 6

MWEZI wa pili huu homa inakupanda jioni, asubuhi imeshuka. Usiku shuka linalowa jasho, kiuno kinauma, magoti yanauma, na kazi uliyokuwa ukiimaliza asubuhi sasa inakushinda mpaka jua linazama. Umepima malaria mara mbili, hakuna vimelea. Umenunua dawa za taifodi dukani, ukapata nafuu ya siku chache, kisha homa ikarudi palepale. Jirani mmoja anasema umerogwa, mwingine anasema ni uchovu tu.

Kama unaishi Balangdalalu, Basodesh, Haydom au kijiji chochote cha Hanang na Mbulu ambako ng'ombe na mbuzi wanalala hatua chache kutoka mlangoni, kuna ugonjwa mwingine unaopaswa kuutaja mbele ya daktari. Unaitwa brusela. Wafugaji wanaufahamu zaidi kwa upande wa mifugo, ambako huitwa ugonjwa wa kutupa mimba. Kwa binadamu huitwa pia homa ya Malta au homa ya vipindi, kwa sababu hupanda na kushuka kwa wiki au miezi.

Ugonjwa huu unatibika. Lakini wagonjwa wengi hurudi hospitali na homa ileile baada ya miezi michache, na mara nyingi chanzo ni kimoja: waliacha dawa walipojisikia wamepona. Wiki hii tutaeleza anachofanya bakteria huyu ndani ya mwili wako. Ukishaelewa mahali anapojificha na namna anavyobadili chakula chake ili aishi humo, utaelewa kwa nini daktari anakupa dawa mbili kwa pamoja, na kwa nini anasisitiza wiki 6 kamili.

Si kila homa ni malaria

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa takriban 61 katika kila 100 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Vipimo makini vya maabara vilipofanywa, waliokuwa wanaugua malaria kweli hawakufika hata 2 katika kila 100. Kwa upande mwingine, miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo. Brusela ilikuwa mojawapo.

Huku kwetu pia suala hili limechunguzwa. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa brusela katika mikoa ya Arusha na Manyara, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa wagonjwa wengi huchelewa sana kufika hospitali wanakoweza kutambuliwa. Umbali ni sababu mojawapo, na kutoujua ugonjwa ni nyingine. Mwaka 2017 Tanzania iliiweka brusela katika orodha ya magonjwa 6 ya wanyama yanayoambukiza binadamu ambayo nchi iliamua kuyapa kipaumbele, pamoja na kichaa cha mbwa, kimeta, homa ya Bonde la Ufa, malale na mafua ya wanyama.

Kwa hiyo, malaria isipoonekana kwenye kipimo, usiridhike na kauli kwamba "labda imejificha." Kilichojificha kinaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Bakteria aliyegunduliwa Malta

Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimpata bakteria huyu kwenye wengu za askari waliokufa kwa homa katika kisiwa cha Malta. Jina brusela linatokana na jina lake. Ni Bruce huyuhuyu aliyefika Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale.

Ilipita karibu miaka 20 kabla ya kujulikana ugonjwa unatoka wapi. Mwaka 1905 daktari wa Malta, Themistocles Zammit, alipima damu za mbuzi na kukuta wengi wana maambukizi huku wakionekana wazima kabisa, wamenona na wanatoa maziwa mengi. Mwaka uliofuata askari walikatazwa kunywa maziwa ya mbuzi, na idadi ya wagonjwa kambini ikaporomoka.

Somo la Malta linatuhusu moja kwa moja. Mnyama mwenye brusela anaweza kuwa mnono, anakula vizuri na anakamuliwa kila siku. Huwezi kumtambua kwa macho, wala maziwa yake hayabadiliki rangi, harufu au ladha.

Anavyoingia na kujificha

Bakteria huyu huingia mwilini kwa njia ya maziwa mabichi, kwa mikono yenye michubuko iliyogusa kondo au majimaji ya mnyama aliyetupa mimba, au kwa kuvuta hewa yenye vimelea zizini na machinjioni. Hahitaji kuwa wengi. Bakteria 10 hadi 100 wanatosha kumwambukiza mtu.

Wakishaingia, hukutana na askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Miongoni mwao kuna zile tunazoweza kuziita seli walaji. Kazi yake ni kumeza kila kimelea kinachopita, kukifungia ndani ya kifuko kidogo, kisha kumwaga humo tindikali na vimeng'enya vya kukisaga. Vimelea wengi huishia hapo.

Brusela hutumia kifuko hichohicho kama mlango. Kwanza, ganda lake la nje limeumbwa kwa namna isiyopiga kelele. Bakteria wengi wana ganda linaloamsha kengele ya mwili mara moja, lakini la brusela huamsha kidogo sana. Ndiyo maana mtu hukaa wiki 2 hadi 4, wakati mwingine miezi, kabla ya kujisikia mgonjwa.

Pili, humezwa akiwa tayari kwa njaa. Ndani ya kifuko kile chakula ni haba, hewa ni kidogo na tindikali inapanda. Katika majaribio ya maabara, sehemu kubwa ya bakteria waliomezwa hufa katika saa za mwanzo. Wachache wanaobaki hufanya jambo la ajabu: hawazaani. Husimamisha kujigawa, hupunguza utengenezaji wa protini na kubana matumizi, kama kaya inayofunga ghala mwaka wa ukame na kugawa debe moja kwa wiki nzima.

Tatu, tindikali ileile iliyokusudiwa kuwaua huwa ishara kwao. Ikipanda, bakteria hutengeneza kifaa kinachofanana na bomba la sindano. Kwa bomba hilo huingiza protini zake ndani ya seli na kuvuruga amri za ndani. Kifuko kilichokuwa kinaelekea kusagwa hubadilishwa njia na kupelekwa mahali ambapo seli hutengenezea protini na mafuta yake, yaani kwenye kiwanda chake chenye malighafi zote. Takriban nusu siku baada ya kumezwa, bakteria huanza kuzaana humo kwa utulivu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Brusela yumo ndani kabisa ya askari aliyetumwa kumkamata, anakula posho yake.

Anavyobadili chakula

Hapa ndipo penye siri ya ugonjwa kudumu. Kiumbe anayeishi ndani ya seli ya mwenzake hana shamba lake, anakula kinachopatikana. Brusela ana uwezo mkubwa wa kubadili mlo kulingana na hali.

Sukari inapokuwa haba, hutumia vipande vya protini na hujitengenezea sukari mwenyewe kutokana na mabaki hayo. Hewa ya oksijeni ikipungua, hufunga njia ya kawaida ya kupumua na kutumia naitreti badala yake. Akipata sukari ya glukosi, huitumia bila kuchelewa.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa panya. Walitaka kujua brusela hukaa wapi ugonjwa unapokuwa sugu. Waliwakuta ndani ya aina fulani ya seli walaji zenye tabia ya kuchoma mafuta ili kupata nguvu. Kwa kuwa seli hizo hutumia mafuta, sukari hubaki bila mtumiaji, na bakteria huichukua. Watafiti walipotumia bakteria waliopokonywa uwezo wa kuingiza glukosi, bakteria hao walishindwa kukaa muda mrefu mwilini mwa panya.

Yaani kimelea huyu haingii seli yoyote kwa kubahatisha. Anadumu pale ambapo mwenye nyumba hali chakula anachokitaka yeye.

Seli hizo ziko kwa wingi kwenye ini, wengu, uboho wa mifupa na tezi. Hivyo basi brusela hulala katika viungo hivyo, na kutoka huko humwagika kwenye damu kwa vipindi. Vinapomwagika homa hupanda. Mwili ukivifagia, homa hushuka. Hiyo ndiyo homa ya kwenda na kurudi unayoisikia.

Kwa nini ng'ombe hutupa mimba

Mfugaji anaweza kujiuliza: kama bakteria huyu hupenda kujificha, mbona ng'ombe hutupa mimba kwa kishindo namna ile? Jibu liko tena kwenye chakula.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi wa Uingereza waligundua kuwa kondo la ng'ombe mwenye mimba lina aina ya sukari iitwayo erithritoli. Wanyama wengine kama mbuzi, kondoo na nguruwe nao wanayo wakati wa mimba. Brusela huipenda sukari hiyo kuliko hata glukosi. Akiifikia, ule ubahili wote huisha. Huzaana kwa kasi, kondo huharibika, na ndama hutoka kabla ya wakati, mara nyingi katika miezi ya mwisho ya mimba.

Ndiyo maana kondo na majimaji ya mnyama aliyetupa mimba ni hatari kuliko kitu kingine chochote zizini. Bakteria walioko humo ni wengi mno. Utafiti mwingine wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa kumsaidia mnyama anayetupa mimba ni miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa mtu kupata brusela.

Kondo la mwanamke halina sukari hiyo kwa kiwango cha ng'ombe. Hata hivyo mama mjamzito hayuko salama. Brusela isiyotibiwa inaweza kuharibu mimba ya binadamu pia, kwa hiyo mjamzito mwenye homa isiyoeleweka anayekunywa maziwa mabichi au kushika mifugo inayozaa asisubiri.

Habari njema ni kwamba tabia hiyohiyo ya chakula imekuwa msaada kwenye chanjo. Chanjo ya S19 ya ng'ombe ilitokana na bakteria waliopatikana mwaka 1923 nchini Marekani. Walisahaulika maabara kwa zaidi ya mwaka na walipochunguzwa tena walikuwa wamepoteza makali. Mojawapo ya tofauti zao na brusela wa kawaida ni kwamba erithritoli, badala ya kuwanenepesha, huwadhuru. Chanjo hii hupewa mitamba wadogo, kwa kawaida kati ya umri wa miezi 3 na 8. Mbuzi na kondoo wana chanjo yao, iitwayo Rev.1. Zote zina bakteria hai, hivyo achanje mtaalamu wa mifugo. Sindano ikimchoma mtu kwa bahati mbaya, aende hospitali.

Hayuko peke yake

Kuishi ndani ya seli ni mbinu ya vimelea kadhaa unavyovifahamu, na kila kimoja kina mlo wake.

Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu na hula himoglobini, ile protini inayobeba hewa. Pia humaliza sukari nyingi kuliko chembe nyekundu yenyewe. Hiyo ni sababu mojawapo ya mtoto mwenye malaria kali kuishiwa sukari mwilini, akalegea au kupata degedege. Mzazi, mtoto mwenye homa kali aliyeacha kunyonya au kula apelekwe kituoni haraka.

Bakteria wa kifua kikuu naye, kama brusela, huishi ndani ya seli walaji, lakini yeye hugeukia mafuta ya seli hizo, ikiwemo lehemu. Chakula kikipungua hupunguza mwendo na kulala kwa miaka. Kwa sababu hiyo dawa za TB humezwa miezi. Ukielewa moja, umeelewa nyingine.

Kwa nini wiki 6, kwa nini dawa mbili

Sasa turudi kwenye mfuko wa dawa uliopewa hospitali. Dawa nyingi za bakteria huua vizuri kimelea anayekua na kuzaana. Anayebana matumizi na kukaa kimya ndani ya seli hudhurika polepole. Isitoshe, dawa lazima ipenye utando wa seli yako kwanza, ndipo imfikie.

Kwa hiyo mpangilio unaotumika kwa watu wazima, uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1986, ni doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na rifampisini kwa wiki hizohizo 6. Wengine hupewa doksisaiklini wiki 6 na sindano za streptomisini wiki 2 hadi 3 za mwanzo. Dawa moja peke yake huacha mabaki mara nyingi zaidi.

Angalia kinachotokea. Siku chache baada ya kuanza dawa, bakteria walioko kwenye damu hupungua sana. Homa hushuka, jasho hukauka, hamu ya kula hurudi. Unajisikia mzima. Lakini wale waliolala kwenye ini, wengu na uboho bado wapo. Ukiacha dawa wiki ya pili kwa kuwa umepata nguvu za kwenda kuchunga au kulima, umewaua waliokuwa nje na kuwaachia waliokuwa ndani. Wakiamka, ugonjwa unaanza upya.

Brusela iliyoachwa inaweza kushambulia pingili za mgongo, nyonga na magoti, ikamwacha mtu na maumivu ya kudumu. Kwa wanaume huvimbisha korodani. Mara chache hufika kwenye ubongo au vali za moyo, na hapo kwenye moyo ndipo vifo vingi vya ugonjwa huu hutokea.

Hata kwa waliomaliza dawa vizuri, wachache hurudiwa, wengi wao ndani ya mwaka wa kwanza. Homa ikirejea baada ya tiba, rudi hospitali palepale ulipotibiwa na kadi yako.

Mambo ya kumwambia mtoa dawa

Usinunue dawa hizi dukani kwa kukisia. Zipo sababu za msingi.

Rifampisini na streptomisini ni dawa za kifua kikuu pia. Mtu mwenye TB ambayo haijagunduliwa akimeza rifampisini kwa ajili ya brusela, anaweza kuifanya TB yake iwe sugu kwa dawa hiyo. Kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi, umepungua uzito au umeishi na mgonjwa wa TB, sema kabla ya kuanza.

Rifampisini hupunguza nguvu za dawa nyingine, zikiwemo vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Mweleze daktari unachotumia. Usishtuke mkojo, jasho au machozi yakiwa ya rangi ya chungwa. Ni rangi ya dawa.

Doksisaiklini imezwe kwa maji mengi ukiwa umekaa au umesimama, wala usilale papo hapo, kwani hukwangua koo. Usiimeze pamoja na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia. Jua la mchana linaweza kukuchoma ngozi kuliko kawaida, kwa hiyo anayechunga avae kofia na shati la mikono mirefu.

Watoto walio chini ya miaka 8 kwa kawaida hawapewi doksisaiklini kwa muda mrefu kama huo kwa sababu hukaa kwenye meno yanayokua. Wao hupewa kotrimoksazoli pamoja na rifampisini, kwa kipimo cha uzito wao. Mjamzito naye ana mpangilio wake. Dawa za baba zisigawiwe mtoto wala mama, hata kama wote wamepimwa na kukutwa na ugonjwa.

Kwa mtoto dalili zinaweza kuwa chache: homa ya vipindi, kukosa raha, kukataa kula, na hasa kuchechemea au kulalamika goti na nyonga bila kuanguka. Mtoto wa mfugaji anayechechemea na ana homa apimwe brusela.

Kuhusu kipimo

Vituo vingi hutumia kipimo cha haraka cha damu ambacho tone la majimaji ya damu huchanganywa na dawa yenye rangi, kisha huangaliwa kama kuna mabonge. Kipimo hiki kinasaidia, lakini hakitoshi peke yake. Mfugaji aliyewahi kukutana na bakteria huyu zamani anaweza kuonyesha majibu chanya akiwa mzima, na aliyepona anaweza kubaki na majibu hayo kwa miezi. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa aina ya kipimo cha haraka kilichokuwa kinatumika sana vituoni kilitoa majibu yasiyoaminika.

Kwa hiyo daktari mzuri huangalia majibu pamoja na dalili zako na maisha yako. Msaidie. Mwambie bila kuona haya kwamba unakunywa maziwa mabichi, kwamba mbuzi wako wawili walitupa mimba msimu uliopita, kwamba ulimvuta ndama kwa mikono mitupu. Maelezo hayo yana uzito sawa na kipimo.

Nyumbani kwako

Tiba bila kinga ni kuteka maji kwa pakacha. Ukimaliza wiki 6 na kurudi kwenye kibuyu kilekile cha maziwa mabichi, unaweza kuambukizwa upya.

Chemsha maziwa yote mpaka yaumuke, ya ng'ombe na ya mbuzi. Najua wazee wengi, wa Kibarabaig na wa Kiiraqw, husema maziwa ya kuchemsha yamepoteza nguvu. Baadhi ya vitamini hupungua kidogo, lakini protini, mafuta na madini ya mifupa hubaki. Kinachokufa ni vimelea. Kama familia hupenda mtindi, chemsha kwanza, acha yapoe, kisha yagandishe kwa kianzio kilichotokana na maziwa yaliyochemshwa. Usitegemee uchachu peke yake kuua brusela. Kibuyu nacho kisafishwe kwa maji yanayochemka.

Mnyama akitupa mimba, watoto na mbwa wasisogee. Mama mjamzito asishike. Anayeshughulika avae glavu, na zikikosekana afunge mikono kwa mifuko ya plastiki isiyotoboka, kisha anawe kwa sabuni. Kondo na mtoto aliyetoka vichomwe au vifukiwe shimo refu, kwa sababu kwenye udongo wenye unyevu na kivuli bakteria hawa huishi wiki hadi miezi. Usimlishe mbwa. Toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata, na uliza chanjo ya mitamba. Usiuze haraka mnyama anayetupa mimba mara kwa mara kwa mfugaji mwenzako, maana umemhamishia ugonjwa.

Kama mmoja amekutwa na brusela, wengine wa boma wanaokunywa maziwa yaleyale wakiwa na homa au maumivu ya viungo waende kupimwa pia. Kugusana, kula pamoja au kulala chumba kimoja hakuambukizi. Maambukizi ya mtu kwa mtu ni nadra sana. Hakuna haja ya kumtenga mgonjwa.

Ukipewa dawa leo, hesabu siku 42 kwenye kalenda na uweke alama. Mwombe mtu mmoja nyumbani akukumbushe, hasa kuanzia wiki ya pili, utakapokuwa umepata nguvu na kuona vidonge ni usumbufu. Kama kituo kiko mbali, omba upewe dawa za kutosha au tarehe kamili ya kurudi kabla hazijaisha. Na ukishindwa kuendelea kwa sababu ya kutapika, macho kuwa ya manjano, vipele au kukosa nauli, rudi useme, ili ubadilishiwe mpangilio badala ya kuacha kimyakimya.